Waliomfuta Mwalimu Kasele

Sikuota. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemsimulia ameniuliza kama nilikuwa nimesinzia, au sijala, au nina malaria. Nilikuwa nimekula ugali na maharage ya shule, na malaria nilikuja kupima wiki iliyofuata, sikuwa nayo. Ilikuwa Ijumaa, saa saba imepita kidogo, jua la Mpanda limekaa juu ya bati kama pasi. Watu wanapenda wafu watokee usiku. Huyu wangu alikuja mchana kweupe, tena alibisha hodi.

Na sikuogopa. Nilikuwa na hasira. Hata leo ninapoandika kwenye kaunta buku hili nina hasira, na ukiona mahali kalamu imetoboa karatasi, ujue ni hapo.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Darasani wananiita Bubu. Nikiulizwa swali na jibu ninalo, linanifika kooni linakaa hapo kama mfupa wa samaki, mpaka mwingine ajibu, tena akosee. Kwetu ni Katumba. Bibi aliingia pale zamani, alipokimbia Burundi, akiwa amembeba baba mgongoni. Sisi ni Watanzania, karatasi zipo kabatini, mama amezifunga kwa nailoni mbili. Hilo litakuja mbele, ndiyo maana nakwambia sasa.

Mwalimu Kasele ndiye alikuwa mwalimu wetu wa kompyuta. Mkonongo wa upande wa Ugalla, ukoo wa warina asali, na vidole vyake vilikuwa vinanukia nta hata akitoka kuoga. Hakuniita Bubu hata siku moja. Nilipofika kidato cha tatu akanipa ufunguo wa chumba cha kompyuta, akaufunga kwenye uzi, akasema, "Wewe huna makelele. Mashine zinapenda watu kama wewe." Tangu hapo ufunguo ule ukawa shingoni kwangu, na mapumziko yangu yote nikayamalizia humo.

Yeye ndiye aliyeisimamisha seva ya shule. Ilikuwa kompyuta kuukuu iliyotupwa stoo. Akaitia Linux, akajenga humo mfumo wa alama za shule nzima. Alinieleza hivi, na mimi nakueleza hivyo hivyo: alama zote zinakaa kwenye kanzidata, na kanzidata ni kama ghala lenye mlinzi. Mfumo tunaouona kwenye skrini ni mtu anayetumwa ghalani. Akifika mlangoni anataja jina na neno la siri. Mlinzi akimjua, anafungua. Asipomjua, ghala linaweza kuwa limejaa mpaka darini na bado utarudi mikono mitupu. Na jina ambalo mfumo wetu ulikuwa unalitaja lilikuwa moja tu. Lake mwenyewe. Kasele.

Hapo alikosea, nasema wazi. Kazi ya watu wote hufungi kwa jina lako. Lakini alijuaje kwamba atakufa?

Alikufa mvua zikiwa bado nzito, homa ya siku nne. Tulikwenda kumzika Ugalla, basi la shule likakwama tope mara mbili. Nilikuwepo. Niliona sanduku likishuka, nikatupa udongo kwa mkono huu ninaoandikia.

Tuliporudi shuleni ndipo shida ikaanza. Kila asubuhi mfumo ukifunguliwa uliandika juu ya skrini, "Karibu, Kasele." Kila karatasi ya alama ikitoka kwenye printa, chini imeandikwa, "Imetayarishwa na Kasele." Dada Perpetua, katibu muhtasi wetu, alisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. "Jamani, mimi kila asubuhi nimkaribishe marehemu ofisini kwa mkono wangu? Mshahara gani huo? Sifungui!"

Wakatafuta wa kufungua, hawakupata. Walimu wazima, wenye vyeti, wanakwepa skrini. Siku ya Jumatatu Makamu Mkuu wa shule akaleta fundi kutoka Kashaulili, kijana mmoja anayetengeneza simu na kompyuta pale karibu na soko. Nilisimama mlangoni na ufunguo wangu. Makamu akaingia kwenye seva kwa jina lake mwenyewe, maana yeye alikuwa amepewa ruhusa kubwa, kisha akampisha fundi kiti.

"Futa jina la marehemu," akasema. "Kotekote. Sitaki kuliona."

Yule fundi hakuwa mjinga. Akaangalia, akakuna shingo. "Mwalimu, hili jina halijashika kitu kingine? Maana nikilitoa, limetoka."

"Mtu kazikwa. Nani atalitumia? Toa."

Fundi akanigeukia mimi. "Eti dogo, wewe si ndiye unashindaga humu? Hili jina lina kazi?"

Nilijua. Niamini, nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Jibu likanifika kooni. Makamu akanitazama kwa lile jicho lake la paredi. Nikatazama viatu vyangu.

Fundi akabonyeza.

Sasa sikiliza ujanja wa mashine. Siku ile haikuharibika kitu! Mfumo uliendelea kufanya kazi Jumatatu yote, Jumanne, Jumatano, kwa sababu ulikuwa umeshaingia ghalani kabla jina halijafutwa, na aliyekwisha kuingia haulizwi jina tena. Makamu akatembea kifua mbele. Jumatano jioni umeme ukakatika. Uliporudi, seva ikawaka upya, mfumo ukaenda kugonga ghalani upya, ukataja jina, mlinzi akasema simjui.

Alhamisi asubuhi hakuna alama hata moja iliyofunguka. Na alama za kidato cha nne zilitakiwa zifike mkoani Ijumaa kabla ya saa kumi jioni.

Ungemtafuta nani? Fundi alikuwa ameshakwenda machimboni kufunga kamera, simu haipatikani. Mkuu wa shule alikuwa mkutanoni Sumbawanga. Wakanitafuta mimi. Ijumaa asubuhi niliitwa ofisini, nikasimama kwenye kapeti, Dada Perpetua yuko pembeni anajifanya anapanga mafaili.

"Ufunguo ni wa nani?" Makamu akauliza.

"Wangu, Mwalimu."

"Fundi alifanya kazi Jumatatu, mambo yakawa sawa siku tatu. Jana yakaharibika. Nani ameingia humo katikati?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Mnaona? Hana jibu." Akamwambia nani mnaona, wakati tupo watatu tu? "Nyie wakimbizi mkipewa kitu kizima, lazima mkirudishe vipande. Saa kumi ikifika alama hazijaenda, fungasha sanduku lako. Mtihani utaufanyia Katumba kwenye tumbaku."

Nyie wakimbizi. Baba yangu amepiga kura shule ya jirani tangu mimi sijajua kusoma. Dada Perpetua akasema polepole, "Mwalimu, mtoto wa kidato cha nne, jamani," na Makamu akamwambia apange mafaili.

Nilimwomba kitu kimoja, kwa sauti ya mbu: aniingizie neno lake la siri, nijaribu kurekebisha. Akacheka. "Nikupe langu, uharibu tena?"

Basi nikaenda kujifungia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa peke yangu mchana ule. Wenzangu wako bwaloni, walimu Waislamu wamekwenda swala ya Ijumaa, waliobaki wanakula. Nikafunga geti la chuma la chumba cha kompyuta kwa ndani, kama sheria ilivyo, nikakaa.

Nilifanya kila nilichofundishwa. Nikaiita seva kwenye mtandao, ikaitika. Nikaangalia kama diski imejaa, haikujaa. Nikauliza kama kanzidata iko macho, iko macho. Nikauliza kama mlango wake unasikiliza, unasikiliza. Unaelewa hasira hiyo? Kila kitu kizima! Ni kama kuita nyumba yenye taa na moshi na watoto wanacheka ndani, na hakuna anayekufungulia. Nikafungua faili la kumbukumbu, lile ambalo seva inaandika kila kilichotokea. Ruhusa yangu ndogo ilitosha kusoma, haikutosha kubadilisha. Humo ndani kulikuwa na mstari mmoja unajirudia tangu Jumatano jioni, kila dakika, mamia na mamia: kasele amegonga, kasele hajulikani. Kasele amegonga, kasele hajulikani.

Nikapanda juu zaidi mpaka Jumatatu. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kwa jina la Makamu: futa kasele. Imeandikwa. Lakini kuandikwa kunanisaidia nini mimi nisiyeweza kusema?

Nililia kidogo, kile kilio cha hasira, cha puani. Ndipo nikasikia kwenye geti: gonga tatu, kimya, gonga moja.

"Nani?" nikauliza bila kugeuka.

"Kasele."

Usinicheke. Tangu afe, watu walikuwa wanakuja kumuulizia: wazazi, wauza wino, watu wa bima. Niliambiwa jibu ni moja, na lilikuwa limenizoea mdomoni. "Mwalimu Kasele hayupo."

Gonga tatu, kimya, gonga moja.

"Nani?"

"Kasele."

"Hayupo, nimesema!"

Mara ya tatu nikasimama, nikapiga kelele. Mimi! Sauti ambayo sikujua ninayo. "Mwalimu Kasele amekufa! Tumemzika Ugalla, nilikuwepo!"

"Najua," ikajibu. "Hata mimi nilikuwepo. Fungua, jua kali."

Nikageuka. Alikuwa amesimama nje ya geti na suti ya kijivu waliyomzikia, vifungo vya shati vimekosewa, kimoja kimepanda juu. Vumbi jekundu limemfika magotini, kama mtu aliyetembea kutoka Ugalla. Nyuki mmoja alikuwa anatembea kwenye kola yake bila haraka. Usoni alikuwa yeye, ila amekasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika akiwa hai.

Ungefanya nini wewe? Kukimbia? Geti ni moja, na yeye ndiye yuko getini. Nikafungua. Nikafunga tena nyuma yake, kwa mazoea, nikarudisha ufunguo shingoni. Harufu ya nta ikajaa chumba kizima.

Hata shikamoo sikumpa. Mimi, ninayemwamkia mlinzi mara mbili! Kilichonitoka mdomoni ni hiki: "Neno kuu la siri, lile la kufungulia seva nzima, uliliacha wapi? Umekufa na funguo zote, mimi nafukuzwa shule!"

Na yeye hakunijibu swali langu. "Nani amenifuta?"

"Makamu."

"Kwa mkono wake?"

"Alileta fundi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

Nikatazama viatu.

"Nakuuliza wewe. Ulikuwa wapi?"

"Mlangoni, Mwalimu."

"Ukasema nini?"

"Sikusema."

Akanitazama mpaka nikatamani Makamu arudi. "Nimekufundisha amri arobaini za mashine," akasema. "Moja ya kibinadamu ikakushinda? Acha. Neno moja. Acha!"

Hapo kalamu imetoboa karatasi, unaona.

Nikamwambia sikuweza. Nikamwambia yeye ni mtu mzima, alitakiwa aandike mambo yake kabla ya kufa. Tukagombana, kweli nakwambia, mimi na marehemu, chini ya feni isiyozunguka. Yule nyuki akahama kutoka kola akaenda sikioni, yeye hakumfukuza. Kisha akachoka. Akavuta kiti changu kile kinacholia kila kikiguswa. Kiti hakikulia.

Akanieleza mambo ambayo mimi wa Katumba sikuyajua. Kwao mtu akifa, jina halizikwi naye. Watu hukaa, humchagua mmoja, hupewa lile jina, akawa yeye. Watoto wa marehemu wanamwita baba hata kama jana alikuwa anaomba peremende. Mpaka siku hiyo ifike, marehemu hana pa kukaa. Na siku yake haikuwa imefika, kwa sababu kaka yake mkubwa, ambaye ndiye wa kuendesha shughuli, alikuwa msituni kwenye mizinga, na mvua zilikuwa zimekata njia.

"Nilikuwa nasubiri humu," akasema, akaonyesha seva kwa kidevu. "Asubuhi naitwa, karibu Kasele. Karatasi zinatoka na jina langu. Nikasema sawa, nitasubiri hapa mpaka wanipe mtu. Mkaja mkanifuta. Nyumbani nagonga, bado sijapewa mtu. Hapa nagonga, sijulikani. Tangu Jumatano nagonga. Hujaona?"

Niliona. Mamia na mamia ya mistari.

Nikamuuliza tena neno kuu la siri, sasa kwa adabu. Akasema nichukue daftari la mahudhurio la chumba cha kompyuta, kurasa mbili za mwisho. Nililijua daftari lile, nililisaini kila siku, na kurasa zile mbili nilidhani zimegandana kwa unyevu. Nikaingiza kucha. Zilikuwa zimegandishwa kwa nta. Na sikiliza: nta ilikuwa ya moto, laini, kama imetoka kuyeyushwa sasa hivi. Ndani kulikuwa na mwandiko wake, mstari mmoja.

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na robo. Sijui mchana ulikwenda wapi, nilipofungua geti ilikuwa saa saba.

"Andika jina langu kama lilivyokuwa," akasema. "Lirudishie vitu vyake. Neno la siri la jina weka la kwako, mimi langu sina tena. Ila usikie vizuri. Atakayeliandika ndiye atakayelibeba. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Uongo. Nilisikia kwa masikio. Nilikuwa naona saa, naona sanduku langu la bati kwenye geti la shule, naona mama anafungua nailoni mbili kutafuta karatasi ya kunitetea. Ningesikia nini?

Nikaingia na neno kuu. Nikaandika amri ya kuunda jina: kasele. Nikaweka neno la siri, la kwangu, linalotokana na jina la bibi. Nikalirudishia umiliki wa alama zote. Nikalibadilisha neno hilo la siri na kwenye faili ambalo mfumo unalisoma. Nikauzima mfumo, nikauwasha. Nikakosea mara mbili, na kila nikikosea nasikia akipumua juu ya bega langu, ile pumzi yake ya kusubiri mwanafunzi alione kosa mwenyewe.

Skrini ikafunguka. "Karibu, Kasele." Alama zote, za darasa zima, na zangu.

Nikageuka kumwambia asante. Hakukuwa na mtu. Geti limefungwa, ufunguo uko shingoni kwangu. Yule nyuki tu, anatembea kwenye kibodi.

Nikatuma alama. Saa kumi kasoro dakika tano Makamu akagonga geti kwa fimbo, Dada Perpetua nyuma yake na kikombe cha chai cha bosi wake mkononi. Nikawafungulia. Makamu hakuangalia kama zimekwenda. Aliangalia juu ya skrini.

"Nani ameandika hilo jina? Si nilisema sitaki kuliona?"

Na mimi nikamjibu. Sijui nilimjibuje, najua tu kwamba mfupa haukuwepo kooni. "Mimi nimeliandika. Na aliyelifuta ni wewe. Jumatatu, saa nne na dakika kumi na mbili, kwa jina lako. Hili hapa, soma. Tusidanganyane, bwana mkubwa."

Kikombe kikaanguka. Dada Perpetua alikuwa ameshika mdomo. Tusidanganyane, bwana mkubwa: mtu mmoja tu alikuwa anasema hivyo shuleni kwetu, na Dada Perpetua ameapa mpaka leo kwamba sauti haikuwa ya msichana.

Makamu alisoma. Unafikiri aliomba radhi? Unafikiri alisema, samahani mtoto, nimekuita mkimbizi? Alirudisha miwani mfukoni, akasema, "Kama ulijua, ulitakiwa useme siku ile." Akaondoka. Nimemchukia kwa mengi, lakini kwa hilo nimemchukia zaidi ya yote, kwa sababu ni kweli.

Sanduku sikufungasha. Ningependa kukwambia imeishia hapo.

Wiki ya pili yake mzee mmoja alifika getini na baiskeli, ndoo ndogo ya asali imefungwa nyuma. Alimwambia mlinzi anamtafuta mtoto wa kike mwenye ufunguo shingoni. Alikuwa kaka mkubwa wa Mwalimu Kasele. Njia ilikuwa imefunguka, wakakaa shughuli, wakataka kumpa jina mpwa wao mmoja. Mama mzee, mama yake marehemu, akakataa. Akasema hawezi kupewa, limeshachukuliwa, Ijumaa mchana, liko Mpanda kwa mtoto wa kike, na ufunguo unaning'inia kifuani kwake. Mama huyo haoni vizuri na hajawahi kufika shuleni kwetu.

"Wazee waligoma," yule mzee akaniambia. "Msichana? Tena si wa kwetu? Mama akawaambia, basi mnyang'anyeni tuone." Akacheka, kisha akanipa mikono miwili. "Karibu, mdogo wangu." Mdogo wangu! Mvi zimemjaa kichwani.

Nilikwenda na mama. Kabla ya kwenda alinigombeza siku nzima. "Mwana wanje, mwanangu, sisi tulikimbia na majina yetu tu, hakuna kingine tulichobeba. Leo wewe unabeba la watu?" Lakini alipomwona mama mzee akinipapasa uso kwa vidole, polepole, kama mtu anayesoma, mama yangu alitoka nje akasimama ametugeuzia mgongo muda mrefu.

Wakanikalisha kwenye kiti chake. Wakanivisha shanga nyeupe mkononi. Ndipo wakaletwa watoto wake watatu. Mdogo kabisa, wa miaka mitano, alinitazama kuanzia viatu vya shule mpaka juu, akamuuliza bibi yake kitu sikioni, akarudi akasimama mbele yangu. "Baba," akasema, "mbona ulichelewa?"

Nikasogea kitini, nikampa nafasi.

Shanga ninazo, nazificha chini ya mkono wa sweta, na Makamu anaziona kila paredi, na sheria inakataza, na hajawahi kusema neno. Nilijaribu kuufanya mfumo utumie jina lingine, la shule, kama inavyotakiwa. Mara tatu. Kila nikiwasha, mlinzi wa ghala anakataa hilo jipya, na skrini inaandika lile lile. Naingia chumbani humo asubuhi, inasema karibu Kasele, na ni mimi ninayekaribishwa. Likizo nakwenda Ugalla kukagua madaftari ya watoto. Yule mdogo anataka nimfundishe kusoma, na ananipigia kelele nikichelewa. Harufu ya nta haitoki vidoleni, nimejaribu sabuni zote.

Basi wewe unayesoma, sikia. Siku ukitumwa kufuta jina la mtu aliyekufa, popote, kwenye mashine, kwenye daftari, ukutani, uliza kwanza limeshika nini. Na kama wewe si mfutaji, umesimama tu mlangoni, na unajua, usitazame viatu. Sema acha. Wakupige, wakufukuze, sema.

Mimi sikusema. Nina miaka kumi na saba na watoto watatu wananiita baba.